Regierungsbezirk za Ujerumani: linganisha majimbo manne kabla ya kuchagua pa kupeleka faili lako

Nesi aliyepata kazi hospitali ya Dortmund huamuliwa faili lake Münster. Mkazi wa Frankfurt anayeomba uraia hupata uamuzi kutoka Darmstadt. Kijana anayetaka kuanza mafunzo ya kazi Essen kwa cheti chake cha sekondari hukituma Köln kikatathminiwe, ingawa Düsseldorf ndiyo iliyo karibu naye. Si makosa ya posta. Kati ya wilaya na wizara, baadhi ya majimbo ya Ujerumani yana ngazi ya tatu, na mgeni asiyeijua hupoteza miezi akibisha hodi mlango usio wake.

Ngazi hiyo inaitwa Regierungsbezirk. Kati ya majimbo 16, ni manne tu yaliyobaki nayo: Bavaria, Baden-Württemberg, Hessen na Nordrhein-Westfalen. Jumla yake ni 19. Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye nafasi ya kuchagua: una barua za kazi kutoka majimbo mawili, au unataka kuanzisha mfuko wa hisani, au familia inapanga kuhama. Kinachostahili kulinganishwa ni jambo moja: shauri lako linaamuliwa na nani, na aliye juu yake ni nani. Umaarufu wa jimbo hausaidii hapo.

Ni kitu gani hasa

Mtanzania ana mfano wa karibu kuliko wengine: mkoa. Mkuu wa Regierungsbezirk, yaani Regierungspräsident, hachaguliwi kwa kura. Huwekwa na serikali ya jimbo kama vile Mkuu wa Mkoa anavyowekwa na Rais, na ofisi yake ni mkono wa wizara zote kwa pamoja. Haina bunge lake wala kodi yake. Mkenya na afikirie mkoa wa zamani wa kabla ya katiba ya 2010, na asifikirie kaunti. Kaunti ina gavana na bunge waliochaguliwa.

Chini ya ngazi hiyo kuna wilaya, Landkreis au Kreis, pamoja na miji mikubwa inayojitegemea kiwilaya. Hizo zina viongozi wa kuchaguliwa. Regierungsbezirk huzisimamia, huzikagua, na kwa mambo fulani huamua yenyewe bila kuzipitia.

Ofisi hazina jina moja, na hapo ndipo barua nyingi hupotea:

| Jimbo | Idadi | Jina la ofisi | Makao |
|---|---|---|---|
| Bavaria | 7 | Regierung (mfano Regierung von Oberbayern) | München, Landshut, Regensburg, Bayreuth, Ansbach, Würzburg, Augsburg |
| Nordrhein-Westfalen | 5 | Bezirksregierung | Düsseldorf, Köln, Münster, Detmold, Arnsberg |
| Baden-Württemberg | 4 | Regierungspräsidium | Stuttgart, Karlsruhe, Freiburg, Tübingen |
| Hessen | 3 | Regierungspräsidium | Darmstadt, Gießen, Kassel |

Regierung von Oberbayern si serikali ya jimbo la Bavaria. Ni ofisi ya mkoa mmoja. Serikali ya jimbo huitwa Staatsregierung. Vilevile, Bezirk 12 za Berlin na 7 za Hamburg ni manispaa za ndani ya jiji. Hazihusiani hata kidogo na Regierungsbezirk, ingawa neno ni lilelile.

Kujua uko wapi bila kuuliza mtu

Kila manispaa ya Ujerumani ina namba ya tarakimu nane, Amtlicher Gemeindeschlüssel. Utaipata kwenye ukurasa wa takwimu wa mji wowote. Tarakimu mbili za kwanza ni jimbo: 05 ni Nordrhein-Westfalen, 06 Hessen, 08 Baden-Württemberg, 09 Bavaria. Tarakimu ya tatu ndiyo Regierungsbezirk.

Nordrhein-Westfalen hutumia witiri: 1 Düsseldorf, 3 Köln, 5 Münster, 7 Detmold, 9 Arnsberg. Hessen ni 4 Darmstadt, 5 Gießen, 6 Kassel. Baden-Württemberg huanza 1 Stuttgart, 2 Karlsruhe, 3 Freiburg, 4 Tübingen. Bavaria ni 1 hadi 7 kwa mpangilio wa Oberbayern, Niederbayern, Oberpfalz, Oberfranken, Mittelfranken, Unterfranken, Schwaben.

Jaribu kwa eneo la Ruhr, mahali ambapo watu hukosea zaidi. Miji imeshikana kiasi kwamba unapanda tramu mji mmoja na kushuka mwingine, lakini Essen ni 05113000, Gelsenkirchen 05513000 na Dortmund 05913000. Maana yake Düsseldorf, Münster na Arnsberg: mikoa mitatu ndani ya safari ya treni isiyofika saa moja. Nürnberg ni 09564000, yaani Mittelfranken, na makao ya mkoa huo yako Ansbach, mji mdogo kuliko Nürnberg kwa mbali. Frankfurt ni 06412000, chini ya Darmstadt. Na Wiesbaden, mji mkuu wa jimbo, uko chini ya Darmstadt pia.

Tahadhari moja: Niedersachsen, Sachsen na Rheinland-Pfalz bado wana tarakimu ya tatu yenye maana ya zamani, ilhali ofisi zenyewe zilikwisha kufutwa. Namba 03, 14 na 07 mwanzoni zisikudanganye.

Manesi na wahudumu wa afya: hapa tofauti ni kubwa kuliko kwingine kote

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, swali la manesi limekuwa la kila siku. Unesi ni taaluma inayolindwa kisheria, na anayeruhusu kutumia jina la taaluma ni jimbo. Ombi hupelekwa jimbo unalokusudia kufanyia kazi.

Nordrhein-Westfalen imekusanya kazi hiyo mahali pamoja: Bezirksregierung Münster, kitengo kinachojulikana kwa ufupi wa ZAG. Uwe umeajiriwa Bonn, Bielefeld au Duisburg, faili linakwenda Münster. Baden-Württemberg imefanya vilevile kwa kuiachia Regierungspräsidium Stuttgart jimbo zima, kwa hiyo aliyeajiriwa Freiburg asihangaike na Regierungspräsidium ya Freiburg. Bavaria imeliondoa suala la unesi kwenye ngazi ya mkoa na kulikabidhi kwa shirika la jimbo, Bayerisches Landesamt für Pflege, lenye makao Amberg. Hessen nayo ina shirika lake la jimbo, Hessisches Landesamt für Gesundheit und Pflege.

Kwa hiyo, kati ya majimbo manne yenye mikoa, mawili hutumia mkoa mmoja kwa niaba ya yote, na mawili huiruka mikoa kabisa. Hakuna hata moja ambamo nesi anapeleka faili kwenye mkoa wake kwa sababu tu anaishi humo. Ukiambiwa na wakala kwamba kuna "mkoa rahisi" ndani ya jimbo, muulize jina la ofisi. Kwa unesi mkoa huo haupo.

Mwendo wa faili unafanana kila mahali. Ofisi hulinganisha mafunzo yako na ya Ujerumani, saa kwa saa: nadharia, mazoezi, wodi ulizopitia. Kisha hutoa barua ya uamuzi. Kwa waliosoma nje ya Ulaya, barua hiyo mara nyingi husema kuna pengo, na hukupa njia mbili za kuliziba: Anpassungslehrgang, yaani kipindi cha kufanya kazi na kujifunza chini ya usimamizi, au Kenntnisprüfung, mtihani wa maarifa. Kijerumani cha kiwango B2 ndicho kinachohitajika kwa kawaida ili upate ruhusa kamili.

Kinachokwamisha mara nyingi kuliko vyote ni hati ya masomo isiyoonyesha saa. Cheti na matokeo havitoshi. Ofisi inataka orodha ya masomo yenye idadi ya saa za darasani na za wodini, yenye muhuri wa chuo. Iombe chuoni kabla hujasafiri, kwa sababu kuipata ukiwa tayari Ujerumani kunategemea ndugu wa kukufuatilia. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Majina yote, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi pasipoti, yalingane herufi kwa herufi. "Mohamed" kwenye cheti na "Mohammed" kwenye pasipoti ni barua nyingine na wiki nyingine.

Mwajiri akiwa na haraka anaweza kufungua utaratibu wa haraka wa wafanyakazi wenye ujuzi. Ada ya serikali ni euro 411, mbali na ada za kutambuliwa kwa taaluma na za viza. Unampa hati ya uwakilishi, naye anaingia mkataba na ofisi ya uhamiaji. Hapo ofisi inayotambua taaluma inatakiwa iamue ndani ya miezi miwili, nao ubalozi utoe miadi ndani ya wiki tatu na kuamua viza kwa kawaida ndani ya wiki nyingine tatu. Saa haianzi kuhesabiwa siku ya kutuma ombi. Huanza faili likiwa kamili, na karatasi moja inayokosekana huisimamisha. Bavaria imeuweka utaratibu huu chini ya Regierung von Mittelfranken, kitengo kilichoko Nürnberg, na Nordrhein-Westfalen ina kituo chake Bonn. Baden-Württemberg ilifungua wakala wake wa wafanyakazi wenye ujuzi ndani ya Regierungspräsidium Stuttgart mwaka 2025.

Ruhusa kamili ya kutumia jina la taaluma ikishatoka, inafanya kazi nchi nzima. Hatari iko katikati. Ukihama jimbo wakati wa Anpassungslehrgang, linaibuka swali la nani anamalizia faili. Ziandikie ofisi zote mbili, ya unakotoka na ya unakokwenda, upate jibu la maandishi kabla ya kutia saini mkataba mpya.

Vyeti vya shule na elimu ya watoto

Anayeomba chuo kikuu moja kwa moja haendi mkoani. Chuo chenyewe au uni-assist, shirika linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo, ndio hukagua cheti. Mkoa unaingia pale mwajiri, chuo cha ufundi au shule inapotaka cheti chako kilinganishwe rasmi na cha Ujerumani. Mafunzo ya unesi ya miaka mitatu, kwa mfano, kwa kawaida yanataka kiwango cha Mittlerer Schulabschluss, yaani miaka kumi ya shule.

Nordrhein-Westfalen imegawa kwa kiwango: sekondari ya kati inakwenda Bezirksregierung Köln, kiwango cha kuingilia chuo kikuu kinakwenda Bezirksregierung Düsseldorf. Ukipeleka cheti cha kidato cha nne Düsseldorf kwa sababu unaishi Düsseldorf, umekosea mlango. Baden-Württemberg hurahisisha: vyote Regierungspräsidium Stuttgart. Bavaria huviweka kwa Bayerisches Landesamt für Schule, na Hessen kwa ofisi ya elimu, Staatliches Schulamt, iliyoko Darmstadt.

Kwa mzazi mwenye mtoto shuleni, majimbo haya yamegeuzana kama shati lililovaliwa nje ndani. Nordrhein-Westfalen na Baden-Württemberg, shule za Gymnasium, yaani sekondari za kuelekea chuo kikuu, husimamiwa na ofisi ya mkoa. Bavaria ni kinyume: mkoa husimamia shule za msingi, Mittelschule, shule za mahitaji maalumu na za ufundi, ilhali Gymnasium na Realschule, yaani sekondari ya kati, zina mjumbe wa wizara, Ministerialbeauftragter. Hessen haikuuachia mkoa shule kabisa. Ina ofisi 15 za Staatliches Schulamt. Kwa hiyo barua ya malalamiko kuhusu Gymnasium ya München ikitumwa Regierung von Oberbayern imekosea mlango, na barua ileile kuhusu Gymnasium ya Köln ikitumwa Bezirksregierung Köln imefika.

Uraia: Hessen peke yake

Kibali cha ukaazi, katika majimbo yote manne, unakishughulikia mjini au wilayani, kwenye ofisi ya wageni, Ausländerbehörde. Hapo hakuna cha kuchagua.

Uraia ni tofauti. Bavaria, Baden-Württemberg na Nordrhein-Westfalen huuamua wilayani au mjini. Hessen huuamua mkoani: Darmstadt, Gießen au Kassel. Manufaa yake ni kwamba wanaoamua ni wale wale kwa mamilioni ya watu, kwa hiyo mtu wa kijijini hapati tafsiri ya sheria tofauti na ya mtu wa Offenbach. Hasara yake ni foleni moja kubwa. Mkoa wa Darmstadt una Frankfurt, Wiesbaden, Offenbach, Hanau na Darmstadt yenyewe, takriban watu milioni nne. Kwenye majimbo mengine matatu kasi hutofautiana wilaya kwa wilaya, na mtu wa mji mdogo anaweza kumaliza mapema kuliko mwenzake wa jiji kubwa lililo jirani. Ikiwa uraia ndio uzito wa uamuzi wako, linganisha wilaya na wilaya. Kwa Hessen linganisha mikoa mitatu. Marburg na Wetzlar ziko Gießen, Fulda iko Kassel.

Masharti ya msingi ni ya shirikisho, hayabadiliki kwa jimbo: tangu sheria ya Juni 2024, miaka mitano ya ukaazi halali, Kijerumani B1, kujitegemea kimaisha, mtihani wa uraia. Ada ni euro 255 kwa mtu mzima na 51 kwa mtoto anayeomba pamoja na mzazi. Ujerumani haikulazimishi tena kuacha uraia wa kwanza. Mkenya analindwa na katiba ya 2010 inayoruhusu uraia pacha. Mtanzania mtu mzima, sheria ya nyumbani haimruhusu kubaki nao, na hilo alipime yeye mwenyewe kabla ya kulipa ada.

Ukihama anwani katikati ya ombi, mamlaka ya kuamua huweza kuhama pamoja nawe. Toka Frankfurt uende Marburg na faili linaweza kutoka Darmstadt kwenda Gießen. Wanaongoja kwa muda mrefu hujikuta wanaanza upya kwenye foleni nyingine kwa sababu ya nyumba ya bei nafuu kilomita chache mbele.

Ukikataliwa au ukinyamaziwa

Hapa majimbo yanaachana vikali, na kosa la siku moja halirekebishiki kirahisi.

Kawaida ya Ujerumani ni pingamizi, Widerspruch, ndani ya mwezi mmoja tangu barua ikufikie. Baden-Württemberg bado inautumia utaratibu huu sana: ofisi ya wilaya ikikukatalia, Regierungspräsidium hulitazama shauri upya, bila wewe kwenda mahakamani. Huu ndio uzuri wa ngazi ya kati ukifanya kazi yake: jicho la pili, bei ndogo, watu wanaoijua sheria. Lakini uamuzi ukiwa umetolewa na Regierungspräsidium yenyewe, kwa kawaida hakuna pingamizi. Ni mahakama ya utawala moja kwa moja. Hessen iko hivyohivyo kwa maamuzi ya Regierungspräsidium, na uraia wake umo humo.

Bavaria na Nordrhein-Westfalen zilifuta pingamizi kwa sehemu kubwa mwaka 2007. Huko mtu hukimbilia kuandika barua ya pingamizi, anangoja jibu, na mwezi wa kufungua kesi unapita. Barua yake haikuwa na nguvu yoyote.

Dawa iko chini kabisa ya barua ya uamuzi: aya inayoitwa Rechtsbehelfsbelehrung. Inakutajia njia, muda na anwani ya mahakama. Isome kabla ya kusoma sababu za kukataliwa. Ikikosekana au ikiwa na kosa, muda wako ni mwaka mmoja badala ya mwezi. Barua ya posta ya kawaida huhesabiwa imekufikia siku ya nne baada ya kutumwa. Kabla ya 2025 ilikuwa siku ya tatu. Tunza bahasha.

Mahakama nazo hazifuati mipaka ya mikoa. Bavaria ina mikoa saba na mahakama sita za utawala, kwa kuwa Regensburg hubeba Oberpfalz na Niederbayern. Nordrhein-Westfalen ina mikoa mitano na mahakama saba. Hessen mitatu na tano. Baden-Württemberg ni minne kwa minne, lakini mahakama ya mkoa wa Tübingen iko Sigmaringen.

Kunyamaziwa je? Baada ya miezi mitatu tangu uombe, bila sababu ya kutosha, sheria inakuruhusu kufungua kesi ya kutotenda, Untätigkeitsklage. Ada ya mahakama hulipwa mwanzoni, na ofisi ikiwa na sababu, mathalani nyaraka zako hazijatimia, kesi husimamishwa. Tuma kwanza barua ya kukumbusha yenye tarehe ya mwisho. Malalamiko ya kawaida kwa ofisi ya juu, Aufsichtsbeschwerde, yanaruhusiwa wakati wowote, ila hayasimamishi muda wa rufaa hata kwa saa moja.

Mfuko wa hisani, kiwanda, na ulemavu

Jumuiya za Waswahili ughaibuni kwa kawaida husajiliwa kama chama, eingetragener Verein, na huo husajiliwa kortini, Amtsgericht. Unahitaji waanzilishi saba. Mkoa haumo. Stiftung, yaani mfuko wenye mtaji wa kudumu, ndio huidhinishwa na mkoa katika majimbo yote manne. Sheria haitaji kiwango cha chini cha mtaji, lakini ofisi hutaka kuona kwamba faida ya mtaji inatosha kuendesha lengo. Euro 50,000 hadi 100,000 ndiyo mizani inayozungumzwa mara nyingi. Mwenye chini ya hapo achague chama, asitafute mkoa mwepesi.

Vibali vikubwa vya viwanda, barabara na maji ndiyo kazi ya asili ya mikoa hii. Mkoa unakusanya idara za hewa, maji, mazingira na usalama kazini chini ya paa moja na kutoa jibu moja. Nordrhein-Westfalen hata madini yote ya jimbo yamo mikononi mwa Bezirksregierung Arnsberg, na idara yenyewe inakaa Dortmund. Jimbo lisilo na mikoa hutumia shirika maalumu: kibali cha kiwanda cha Tesla huko Grünheide, Machi 2022, kilitolewa na shirika la mazingira la Brandenburg, Landesamt für Umwelt.

Msaada kwa mtu mzima mwenye ulemavu ni mahali ambapo Bavaria ina kitu cha pekee. Kando ya kila Regierung kuna Bezirk, chombo cha kuchaguliwa chenye baraza lake, Bezirkstag, linalopigiwa kura siku moja na bunge la jimbo kila miaka mitano. Mipaka ni ileile, jina karibu lilelile, ofisi tofauti kabisa. Bezirk hulipia huduma za walemavu na huendesha hospitali za magonjwa ya akili. Regierung haifanyi hivyo. Nordrhein-Westfalen kazi hiyo hufanywa na miungano miwili: LVR ya Köln kwa mikoa ya Düsseldorf na Köln, na LWL ya Münster kwa mitatu iliyobaki. Hessen ni Landeswohlfahrtsverband, Kassel. Baden-Württemberg huiacha wilayani, na kwa familia inayohitaji kumwona afisa ana kwa ana kila mara, ukaribu huo una thamani kubwa.

Majimbo yaliyoachana na mikoa

Rheinland-Pfalz ilifunga mikoa yake mwishoni mwa 1999 na kugawa kazi kwa aina: ofisi ya ADD iliyoko Trier kwa usimamizi wa jumla na shule, ofisi mbili za SGD za Koblenz na Neustadt kwa mazingira. Sachsen-Anhalt ilibakiza ofisi moja, Landesverwaltungsamt ya Halle, tangu 2004. Thüringen ina ya Weimar. Sachsen ilipunguza kwa hatua, mpaka 2012 ikabaki Landesdirektion moja, Chemnitz. Niedersachsen ilizifuta zote nne mwishoni mwa 2004, kisha mwaka 2014 ikafungua ofisi nne za maendeleo ya kanda, jambo linaloonyesha kwamba kazi ya katikati haifi kwa kufuta bango.

Kwa nesi, Sachsen, Sachsen-Anhalt na Thüringen ni rahisi kueleweka: ofisi moja ya jimbo, hizo hizo nilizozitaja. Niedersachsen humpeleka kwenye shirika la huduma za jamii, Lüneburg, na Rheinland-Pfalz kwenye lake, LSJV.

Anayesoma takwimu za Ulaya atakutana bado na Lüneburg, Trier au Weser-Ems zikiwa kanda. Ni mipaka ya takwimu tu, sehemu ya kanda 38 za Ujerumani zinazotumika kugawa fedha za Umoja wa Ulaya. Usitafute anwani ya ofisi yake.

Basi uchague lipi

Nesi anayetaka jimbo lenye miji mingi na waajiri wengi huku mlango wa faili ukiwa mmoja, Nordrhein-Westfalen na Baden-Württemberg zinamfaa kuliko nyingine, na Stuttgart inashinda kwa kuwa vyeti vya shule na taaluma viko ofisi moja. Kijana wa mafunzo ya kazi naye nampeleka Baden-Württemberg kwa sababu hiyohiyo. Anayeogopa kesi na kutaka nafasi ya kusikilizwa tena bila mahakama, Baden-Württemberg tena, kwa maamuzi ya wilaya. Mwenye lengo la uraia na mwenye uhuru wa kuhama asiweke Frankfurt ya kwanza. Gießen na Kassel zina watu wachache zaidi, japo foleni fupi haiahidiwi na mtu. Familia yenye mtoto anayekua na ulemavu ipime Bavaria kwa makini: Bezirk ni chombo chenye bajeti na baraza lake, na diwani wa Bezirkstag ni mtu unayeweza kumwandikia.

Lolote utakalochagua, kwenye barua ya kwanza andika juu kabisa jina kamili la ofisi, na chini yake Aktenzeichen, namba ya faili, mara tu utakapopewa. Bezirksregierung moja ina idara nyingi, na barua isiyo na namba hiyo huanza kutafutiwa mwenyewe kabla haijasomwa.